Mwenye Nyumba wa Villa Acapulco

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Nyumba ya vakansi, ya kupumzikia, mtaa wa matajiri wa Kibenga, ziwa liko mbele ya terasi. Geti jeusi, na juu yake maandishi ya chuma: Villa Acapulco. Audace, komisiyoneri wangu, dalali wa nyumba, anasema Acapulco ni mji wa pwani kule Meksiko. Watoto wa mwenye nyumba waliipa jina hilo kwa sababu ya filamu za televisheni. Nikaona hapo kuna mkono wa Mungu. Mama yangu anaangalia filamu za Meksiko kila jioni. Mwezi jana alisema, macho kwenye kioo: watu hawa wana upepo. Mimi nikaelewa.

Anaziangalia kwa Uthmani, bila shaka. Kaka yangu Uthmani, muuza matairi wa Buyenzi, mtoto mwema wa ukoo mzima. Amemjengea mama chumba cha vigae. Nikitoka msikitini watu wananiuliza: Bi Zubeda hajambo kule kwa Uthmani? Kwa Uthmani! Utadhani mimi sikuzaliwa na mtu.

Mimi naishi Gasenyi, vyumba viwili. Cha mbele kimejaa friji za watu ninazotengeneza, cha nyuma nimejaa mimi. Mama hajalala pale hata siku moja. Siwezi kumleta pale, nina aibu zangu.

Mpango: nakodi villa kwa wiki. Namwita mama. Nasema ni yangu. Akizoea upepo hatataka tena kurudi Buyenzi. Wiki ikiisha? Tutaona. Mtu hawezi kupanga kila kitu.

Nimeuza friji kubwa ya karakana ili kulipa. Ilikuwa ya mteja, lakini mteja mwenyewe haji kuichukua. Kosa lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumeingia! Nilitangulia asubuhi kuandaa. Nimeondoa misalaba, rozari, na picha kubwa ya bibi mwenye miwani. Huyo ndiye mwenye nyumba, Mama Concilie, mjane, yuko Nairobi kwa matibabu. Vyote nimevisukuma chini ya kitanda. Mahali pa picha yake nimetundika yangu, ile ya kitambulisho, niliyoikuzisha. Imetoka na ukungu lakini heshima ipo. Kabatini nimetundika mashati yangu yote. Kabati bado linaonekana tupu. Makabati ya matajiri ni makubwa bila sababu.

Mama alifika kwa teksi. Alizunguka vyumba vyote. Akauliza ni kipi ninacholala. Nikamwonyesha. Akauliza friji za watu nimeziacha wapi. Nikasema kazi ile sasa ina watu wake. Akaniangalia kidogo, akaomba mkeka. Katika nyumba nzima hakuna mkeka! Nikampa taulo. Akalitandika terasini, akakaa na kulipa ziwa mgongo.

Mgongo! Nimelipia ziwa zima, milima ya Kongo ikiwemo. Nikamgeuza kwa heshima. Nilipoleta chai alikuwa amegeuka tena. Anasema maji yanamuumiza macho. Nikamuuliza kama anasikia upepo. Akasema anausikia, akauliza kama kuna sweta.

Siku ya kwanza huwa hivyo. Atazoea.

Ijumaa, 8 Agosti

Uthmani amekuja baada ya sala. Sikumwalika. Anasema amemletea mama dawa zake za presha alizosahau. Visingizio! Alikuja kukagua. Alifungua mabomba. Aligonga kuta. Aliniomba niwashe taa ya sebuleni, nikabonyeza swichi, ikalia kengele ya geti. Nikabonyeza nyingine, ikawaka taa ya gereji. Uthmani akasema taratibu kwamba nyumba mpya zina mambo mengi. Afadhali angecheka. Huruma yake ndiyo inanimaliza.

Ndipo akatokea jirani, mama mmoja anaitwa Laure, na kikapu cha parachichi. Ameniuliza getini kama mimi ni wa nyumba hii. Uthmani alikuwa terasini, masikio wazi. Ningesema nini? Nikajibu kwa sauti ya kufika terasini na kupita: ndiyo, mimi ndiye wa nyumba hii!

Laure akafurahi sana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba basi mimi ni mtoto wa Mama Concilie. Yeye alihamia hapa Pasaka, hajawahi kumwona, lakini kikundi chao cha sala kinamwombea kila wiki. Nami nikashusha sauti, nikasema ndiyo, wa mwisho. Akauliza jina. Hamimu. Akashangaa kidogo. Nikasema nilisilimu kwa sababu ya mke. Akauliza mke yuko wapi. Nikasema aliondoka. Hilo angalau ni kweli.

Kisha akamwona mama kwenye taulo, akauliza yule mzee ni nani. Nikasema ni shangazi.

Jambo dogo. Mama alikuwa mbali, hakusikia. Na mtu hawezi kuwa na mama wawili.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa! Mama Concilie amefariki Nairobi. Kati ya wiki zote za mwaka amechagua hii niliyolipia mimi.

Laure alikuja asubuhi, macho mekundu. Akanishika mikono miwili, akasema tumesikia habari za mama, pole, jikaze. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Ukatoka na: asante, ni kazi ya Mungu.

Saa moja baadaye geti lilikuwa wazi. Wameleta hema. Wameleta viti vya plastiki, kreti za Fanta na za bia, sufuria za kuogelea mtu mzima. Watu nisiowajua wanapanga foleni kunipa mkono. Mzee mmoja alinikumbatia, akasema nina pua ya marehemu. Wakaomba picha. Ikabidi niingie chini ya kitanda kumtoa Mama Concilie. Wakaiondoa yangu ukutani, wakamrudisha yeye, na mshumaa mbele yake. Picha yangu sijui waliiweka wapi.

Mama akauliza ni nini. Nikasema jirani kafiwa, kwake hakuna nafasi, nimewaazima uwanja. Mama alifanya nini? Alitabasamu! Akasema, "Leo umefanya kitu ya mutu, Hamimu." Miaka mingapi nangoja sifa kwa mama huyu? Na imekuja siku hii.

Kisha akajifunga kitenge, akaenda kuketi na wanawake chini ya hema. Nilijaribu kumzuia. Nikasema mama, hawa ni watu wa rozari, wewe utafanya nini. Akasema matanga ni matanga.

Uthmani naye akatokea, akakuta watu. Sikuulizwa mara mbili. Nikatoa hadithi ileile ya jirani. Dakika chache tu, kaka yangu amekunja mikono ya shati, anabeba viti. Ameenda kununua sukari na mkaa kwa fedha yake. Kwa marehemu asiyemjua! Watu wananiuliza yule bwana mwema ni nani. Hata kwenye msiba wangu wa uongo anang'aa yeye.

Jioni mama alirudi ndani. Nilimsalimia, akaitikia nusu. Nadhani ni uchovu.

Jumapili, 10 Agosti

Ngoja niandike kabla hasira haijapoa.

Hapa kwetu watu hawawezi kukaa pamoja, iwe harusi iwe msiba, bila wakubwa kusimama mmoja mmoja kutoa neno. Leo baada ya sala Laure akasimama kuongoza. Amesema mzee wa kanisa, amesema jirani wa kulia, amesema mtu wa benki alikofanya kazi marehemu. Kisha Laure akasema tusimsahau shangazi, mzee wa familia, naye aseme kidogo juu ya mama yake Hamimu.

Uthmani alikuwa amebeba kreti. Akaiweka chini.

Hapo nikaelewa kwamba mama anajua tangu jana. Wale wanawake walimpa pole kutwa nzima. Pole ya kumpoteza mama yake Hamimu! Na yeye akapokea, akanywa chai, akanyamaza.

Akasimama. Hakuniangalia. Akasema hivi, maneno yake ninayo kichwani, hayatoki:

"Mi namujua sana huyu mama ya Hamimu. Alizaa batoto wawili. Mukubwa alimujengea chumba, Mungu amubariki. Mudogo, huyo alikuwa mugonjwa akiwa kitoto. Mama yake alimubeba mu mgongo mupaka alipona. Alimupenda sana. Lakini mudogo akakuwa mukubwa, akapata nyumba yake, hakusema hata siku moja: mama, kuya ulale kwangu. Mama akangoja. Kila Idi anasema, labda hii. Basi. Munasema amekufa. Mi nasema, amekufa akingoja."

Akakaa.

Hema zima likalia. Mzee wa pua akalia kwa sauti. Uthmani alikuwa anafuta macho na mkono wa shati. Mimi peke yangu sikulia, kwa sababu nilikuwa nahesabu walioniangalia.

Halafu tukasikia mtu analia getini. Mwanamke amesimama na sanduku la safari. Amandine, binti wa marehemu, binti wa kweli, amefika kutoka Kigali. Alikuwa amesikia yote. Alipita katikati ya viti moja kwa moja hadi kwa mama, akapiga magoti, akaweka kichwa pajani pake. Anasema ni kweli, mama yake alingoja, alimpigia simu Kigali mwaka mzima aje, na yeye akasema baadaye, kwanza amalize kujenga. Mama akampapasa kichwa, muda mrefu. Sikumbuki mara ya mwisho aliponipapasa mimi.

Alipotulia, Amandine akamuuliza yeye ni nani katika familia.

Angeweza kunimaliza hapo hapo. Neno moja lingetosha. Mama akasema, "Mi ni shangazi ya Hamimu."

Amandine akauliza Hamimu ni nani.

Viti vyote viligeuka. Nikasema: mpangaji.

Sitaandika uso wa Laure. Yule mzee alinitazama pua tena, akaona haifanani. Amandine hakunifokea. Alisema tu kwamba angependa nitoe mashati yangu, familia inahitaji kabati. Komisiyoneri? Simu yake imezimwa tangu jana. Mama nilimkuta nyuma, anaosha vikombe na wanawake, wanamwita dada. Hakuondoka mpaka vikombe vikaisha.

Uthmani alimfungulia mlango wa gari. Mimi nikaja na mashati mkononi, nikaanza kueleza. Mama akanikatiza. Akasema hataki ziwa, hataki Meksiko. "Mi nitakuya Gasenyi, siku ile utasema. Nitalala chini, kati ya friji zako. Mukeka niko nayo." Uthmani aliniuliza tu kama nataka lifti. Nikasema ninangoja gari langu.

Nilitembea mpaka mjini.

Jumatatu, 11 Agosti

Gasenyi. Mteja wa friji amerudi. Bila shaka! Miezi yote hakuonekana, leo amekuja na toroli na shemeji zake wawili. Nimemwambia friji iko kwenye majaribio, Kibenga. Amesema atakaa hapa mpaka irudi. Ameketi mlangoni ninapoandika.

Nimeyafikiria maneno ya mama usiku kucha na moyo unaniuma. Nakiri, unaniuma sana. Ametia chumvi lakini. Ugonjwa gani? Ilikuwa malaria, kila mtoto aliugua. Na kujiua kwa maneno mbele ya watu, mzee mzima! Ila jambo moja nimelisikia vizuri: anataka kuitwa kwangu. Anangoja nimwite. Hilo hakumwambia Uthmani, aliniambia mimi.

Sasa nimwiteje hapa? Dari linavuja, mlangoni kuna mtu na toroli. Haiwezekani. Mama yangu hastahili hivi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeshajua kosa lilikuwa wapi! Lilikuwa ziwa. Lile jua majini, ule upepo, watu wa ufukweni wanaojua habari za kila mtu. Mama ni mtu wa utulivu.

Audace amefungua simu. Ameapa kwamba hakujua. Nimemsamehe kwa sababu ana nyumba nyingine: Bugarama, mlimani, baridi safi, mahali pa kuwashia moto sebuleni, hakuna jirani karibu. Safari hii sikukurupuka. Swali langu la kwanza: wazazi wa mwenye nyumba wana afya gani? Akasema walifariki zamani, wote wawili. Nilifurahi mpaka Audace akashangaa. Mkeka nitaununua mwenyewe, mpya, ili asiseme nyumba haina mkeka. Kuna friji nyingine hapa ambayo mwenyewe haji kuichukua.

Mama amepiga simu adhuhuri. Ameuliza kama aje Jumamosi, hapa Gasenyi, Uthmani atamleta. Sauti yake ilikuwa ndogo. Karibu niseme njoo. Nikatazama dari, nikatazama mteja mlangoni, nikasema mama, subiri kidogo, napaandaa pazuri.

Akasema sawa, mwanangu, atangoja.

Vizuri. Mama yangu ni mtu wa subira, na mimi nina muda.