Kopo Langu la Utafiti

Jumatatu, 1 Agosti 1988
Madaktari wa utafiti wamefika Bugene. Wanachunguza tezi dume, yaani kile kitu kinachotuamsha usiku kukojoa sisi wenye umri. Kila mzee kapewa kopo na mahindi. Ukiamka kwenda nje, unadondosha punje moja. Baada ya wiki kopo linarudi kwa Nesi Anonciata. Kazi ya kitoto! Tatizo ni kwamba mimi huamka mara sita. Na jirani yangu Rweyemamu ametangaza kilabuni kuwa lake litarudi tupu, yeye akilala kalala. Sasa mimi Evaristi nirudishe kopo limejaa hadi mdomoni? Thubutu!

Jumatano, 3 Agosti
Nimeamka mara saba. Punje: sifuri. Kwa Rweyemamu nimesema mara moja, tena kwa sababu ya mbwa. Kasema yeye hata mbwa hakumsikia. Mwongo yule! Mahindi yangu nimewapa kuku, nisije nikashawishika.

Ijumaa, 5 Agosti
Balaa! Nesi kapita na baiskeli. Kasema watakaokuwa na punje nyingi watapelekwa hospitali na kutibiwa bure. Bure! Mimi niliyemaliza miaka mitatu bila kulala usiku mzima! Ambaye kanisani hukaa karibu na mlango! Nimejifungia chumbani, nikakumbuka siku zote za wiki, nikaongeza na za msimu wa mvua. Mahindi hakuna, nimetia kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa. Punje hamsini na tano. Kopo nimeliweka rafuni sebuleni, tayari kwa safari.

Jumatatu, 8 Agosti
Asubuhi Rweyemamu kaja ili twende pamoja. Mke wangu Placidia hawezi kuona mgeni ameketi bila kumpa kahawa ya kutafuna. Kopo langu la utafiti anajua ni tupu, nilimwambia mwenyewe. Kwa hiyo akashusha lile lililojaa, akidhani ni la kahawa ya wageni. Langu! Nimwambie mgeni nini? Kwamba anachotafuna ni safari zangu za migombani? Akatafuna, akasifu. Nikakaribishwa, nikatafuna na mimi. Nyingine Rweyemamu akatia mfukoni, za njiani.

Pale zahanati nesi akaanza na kopo la Rweyemamu. Punje arobaini na nane! Wala hakuona haya. Langu: tatu. Nesi akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Mnamwona mzee Evaristi? Huyu bado kijana."

Wakanipigia makofi. Nilitaka kulia, lakini kifua kilivimba chenyewe. Nikasimama kushukuru, nikawapa na ushauri wa afya. Katikati ya hotuba nikakimbilia chooni. Sikuwahi.

Jumanne, 13 Septemba
Rweyemamu karudi kutoka hospitali. Analala mpaka jua linamkuta kitandani. Mimi jana mara nane, na roho inaniuma.

Lakini yameletwa makopo mapya! Safari hii ni utafiti wa mambo ya chumbani. Punje moja kwa kila mara mume anapokutana na mkewe, wiki nzima. Nesi kaeleza mbele ya wote kwamba wenye punje chache watapimwa kila kitu, hata mkojo, na kutibiwa bure. Nimemwelewa vizuri sana. Ila Rweyemamu kasema lake litajaa.

Langu nililipokea jana. Lina punje thelathini na moja. Jioni hii Placidia kalimwaga mezani, kazihesabu mara mbili, kisha kaniuliza kwa upole kabisa: "Baba Projest, hizi ni za mke gani?"