Kisubi Asiye na Kijiji

Mwaka wa 1974 kamati ya kuhamishia watu vijijini ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba hakuna kiumbe atakayebaki bila kijiji wala tabaka. Watu walishapangwa. Mbuzi pia. Alibaki kisubi, mdudu wa uyoga, mweusi, mwenye nundu, mdogo kuliko punje ya ulezi, ambaye hata wataalamu wa vitabu hawakuwa wamempa ukoo.

Alikamatiwa Sikonge, ndani ya matenga matatu ya uyoga mkavu wa Bi Mwanne. Matenga yakazuiwa. Kisubi akionekana mkulima, uyoga ungerudishwa. Akionekana mnyonyaji, ungechomwa kama maficho ya adui. Na Bi Mwanne hakuwa na kitoweo kingine cha kiangazi.

Mwenyekiti, Ndugu Lukumani, alikuwa rika la wajukuu wa Bi Mwanne, ila shikamoo haikuwamo kwenye ajenda.

"Ndugu Mwanne, huyu mdudu aliuchuma uyoga?"

"Atauchumaje, mwanangu, na vijiguu vile?"

"Andika: hachumi."

Ukatungwa Mwongozo wa Utambuzi. Moja: amekutwa kwenye uyoga? Mbili: alishiriki kuuchuma? Tatu: akifukuzwa, hurudi? Aliyekutwa, hakuchuma, na hurudi, ni mnyonyaji. Apakiwe kwenye lori akalime kwenye kijiji kipya.

Uchunguzi ulihitaji vielelezo. Bi Mwanne akaamriwa kuvipika, kwa karanga, na ugali wa kutosha wajumbe watano. Kufikia siku ya nne matenga mawili yalikuwa yamechunguzwa yakaisha.

"Mwongozo huu ni wa visubi tu?" aliuliza akipakua.

"Wa kila kiumbe!" Lukumani akagonga muhuri. "Sisi hatubagui."

Mgambo Raymundi, mtu wa kufuata karatasi, akafungua tenga la tatu ili apakie wanyonyaji. Visubi wote wakaruka wakaishia porini. Lori lilikuwa likinguruma, na amri ilisema lisiondoke tupu. Akasoma mwongozo tena, polepole, akaingia ndani wajumbe walimokuwa wakila.

"Ndugu Mwenyekiti, umekutwa kwenye uyoga?"

Lukumani alikuwa na tonge mdomoni.

"Ndiyo," Raymundi akajijibia akiandika. "Ulishiriki kuuchuma?"

"Wewe! Una wazimu? Toka!"

"Hapana. Tukikufukuza, utarudi?"

"Nitarudi kesho hiyo hiyo, utanitambua!"

Raymundi akaandika: hurudi.

Wajumbe wote watano wakapakiwa, Lukumani wa kwanza. Bi Mwanne alikuwa amekumbatia tenga lake lori lilipompita.

"Shikamoo, bibi! Shikamoo! Waambie!"

"Marahaba, mwanangu. Jembe wamekupa?"