Mtamba Niliyembadilisha kwa Kashe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Dada Anastazia, shikamoo. Hali yako? Goti limetulia? Huku Mwisenge tuko wazima, Mungu anatutunza, isipokuwa kompyuta yangu. Juzi ulipomtoa mtamba wangu zizini uliuliza anaenda wapi, nikajifanya mtandao unasumbua. Nisamehe. Naandika ukweli wote humu kila siku, kisha daftari zima nalipakia kwenye basi la Butiama.

Ukweli ni huu. Jumapili ijayo ni Pentekoste, askofu anakuja kutoa kipaimara. Katekista Edwin amenipa kazi ya vijitabu vya ibada: sala, nyimbo, na majina ya watoto mia moja arobaini. Miaka tisa kazi za parokia ni za steshenari yangu. Ila amesema nikichelewa tena kama Pasaka (vijitabu vilifika watu wanakula pilau!), kazi zote zinahamia kwa Dorkas.

Dorkas! Duka lake linatazamana na langu. Msabato, mcheshi, ananiitaga shemeji kwa kuwa mke wangu Bhoke amemfanya dada. Mteja anaingia kwake, anatoka na karatasi. Kwangu anaingia, anakaa, anamaliza kuuliza habari za watoto, na kaduara bado kanazunguka kwenye skrini.

Wiki iliyopita baada ya misa mwalimu mmoja kaninong'oneza siri. Kasi ya kompyuta ni kashe. Ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ikiwa kubwa, mashine inaruka. Mtamba ameshauzwa. Kesho Bunda!

Jumanne, 3 Juni

Nimerudi. Nimechoka. Nina furaha.

Fundi Yusto wa Bunda alikuwa na mashine mbili za mtumba. Moja kashe MB sita. Nyingine MB thelathini, bei mara tatu. Nikashangaa, MB thelathini si hata nyimbo kumi za kwaya kwenye simu! Yusto akaeleza kwa upole, kama anayefundisha sala. Kashe ni kopo la chumvi kando ya jiko, mpishi ananyoosha mkono tu. RAM ndiyo stoo. Diski ndiyo sokoni. Kashe ni ghali kwa sababu ina kasi kuliko zote na inabanwa humo humo ndani ya prosesa, penye nafasi finyu. Kwa kuchapa majina, sita inatosha. Akanisihi nichukue ndogo, chenji niongeze RAM na diski ya kisasa. Eti ukinunua pipa la chumvi na unga bado uko sokoni, ugali hauwahi kuiva.

Maneno mazuri. Lakini Dada, mimi na wewe tumekulia mnadani. Muuzaji akikusifia ndama, ujue dume amemwekea mtu mwingine. Nikamuuliza kama anamfahamu Dorkas wa Mwisenge. Akasema ndiyo, ni mteja wake.

Ahaa!

Nikachukua ya thelathini. RAM ikabaki ndogo, diski kongwe. Hela ilikuwa imeisha.

Jumatano, 4 Juni

Mashine imefika kwenye bodaboda, imefungwa mpira kama mbuzi. Kubwa! Dorkas akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Shemeji, umenunua friji?" Nikamjibu ni kashe. Akaniomba nimwekee soda mbili.

Bhoke ameizunguka mara moja. Akasema mtamba angetoa hata samadi, hiki kinatoa joto tu. Kweli duka limekuwa tanuri. Nikainyunyizia maji ya baraka, kidogo, kwa ncha ya kidole. Nikawasha. Kaduara. Nikasali Baba Yetu. Kaduara. Nilikuwa tendo la pili la rozari ndipo ikafunguka.

Nikampigia Yusto. Akasema ikiwaka inachota vitu kutoka kwenye diski, na diski ni ile ile kongwe, kashe haina la kufanya hapo. Kashe inashika tu vile ulivyotoka kuvitumia, ili viwe karibu.

Nikashika hilo moja. Inashika!

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kuseva ni kupeleka vitu kwenye diski, dakika nzima kaduara. Kwa nini niseve, na kashe imeshika? Nikachapa moja kwa moja tangu asubuhi. Kidole kimoja, kama nilivyozoeaga, lakini kwa imani. Majina mia moja ishirini na mbili! Pamoja na yule mtoto wa Bweri mwenye majina sita.

Saa kumi jioni umeme ukakatika.

Uliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe. Nikampigia Yusto. Akasema umeme ukikatika kashe inasahau yote, na RAM nayo. Kinachokumbuka ni diski. Akauliza, ina maana sikuseva? Nikamwambia mtandao unasumbua.

Bhoke akajifunga kanga, akavuka barabara.

Ijumaa, 6 Juni

Dorkas amekubali, kwa masharti. Jua likizama Sabato inaingia, anafunga duka hata kama limebaki jina moja. Na nyuma ya kijitabu liandikwe jina la duka lake. Nikakataa. Bhoke akakubali kwa niaba yangu.

Mashine yake ndogo kama mkate. Nikainama nikakisoma kibandiko. Kashe MB sita! Dada, nilikaa chini.

Bhoke anasoma majina, Dorkas anachapa kwa vidole kumi, macho dirishani, mdomo unanitania. Mimi nikapewa stepla. Nikabana vijitabu huku natazama jua linavyolishukia ziwa, namwomba Mungu alizuie kidogo, kama enzi za Yoshua. Saa kumi na mbili na nusu nikabana cha mwisho. Jua lilibaki kidole kimoja. Dorkas akazima mashine, akatutakia Sabato njema, akaniambia nikajisalie na mimi. Nilimwombea hadi wivu ukapungua. Bhoke alimpelekea sato wawili.

Jumapili, 8 Juni

Vijitabu vilimtangulia askofu! Edwin akanishika mkono mbele ya watu. Kisha akageuza ukurasa wa nyuma, akasoma kwa sauti. Kanisa lilicheka hadi watoto wa kipaimara wakageuka.

Ameamua kazi za parokia ziwe zetu wote. Dorkas atachapa. Mimi nitabana.

Namshukuru Mungu, sikuikosa yote.

Jumatatu, 9 Juni

Nimetafakari sana, Dada, na nimeliona kosa langu. Thelathini haikutosha.

Asubuhi Dorkas amekuja na diski yake ya kisasa ya akiba, bure, eti niifunge nione mashine yangu itakavyoruka. Nimemshukuru, nikamrudishia. Ana roho nzuri yule mama, ila kompyuta hazijui.

Nimesoma kwamba seva, zile kompyuta kubwa za maofisini, huwa na prosesa mbili, kila moja na kashe yake. Sitini kwa mpigo! Tafadhali uliza huko Butiama kama kuna ofisi inayoiondoa seva yake ya zamani. Bhoke asijue kwanza. Nijibu upesi, Dada.

Mdogo wako,
Stanislausi