Herufi za Mikunjo Mbele ya Baba Askofu

Jumatano, 4 Juni 2025

Mwangaluka, daftari langu. Hujambo? Umelalaje? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, ila uji nimeuacha mezani kwa hasira. Constantine, mwenye steshenari ya pili mtaa huu baada ya yangu, kabandika dirishani sampuli ya karatasi ya nyimbo za kipaimara. Herufi nene, nyeusi, kama tangazo la dawa ya panya! Na Mayige, mwalimu wa kwaya, kasema atakayechapa vizuri nyimbo za Jumapili, Baba Askofu akija, ndiye atakayepewa kazi ya kuchapa kitabu cha jubilei ya parokia. Kitabu hicho ni changu. Nimeanza novena.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwendea Mayige na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Nikamwambia Baba Askofu haimbiwi kwa herufi za panya. Nikamfunulia fonti yangu: herufi zinashikana mikono, kila K ina mkia, kila M ina shanga. Akauliza, mama Minza, waimbaji wataweza kusoma? Nikamjibu macho ya imani husoma yote. Akacheka, akatafuna, akanipa kazi! Nyimbo nne, beti sita sita, zote mikunjo mitupu. Constantine kapita dukani kwangu, kadai mwandiko huo ni wa jina la bibi harusi juu ya kadi, basi. Wivu! Nimemwombea. Kwa ukali.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Aibu! Ubeti wa kwanza wanakwaya wanao kichwani, wakaupaisha. Wa pili, kimya. Mayige anapunga mikono, kwaya imeinamia karatasi kama inatafuta sindano. Mzee Masunga wa besi kaishika juu chini, na hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe. Wakarudia ubeti wa kwanza. Mara tano! Baba Askofu akatazama saa. Bibi Milembe, ambaye hajui kunong'ona, akaniuliza haya ni maandishi au nimemwaga tambi. Kanisa zima likasikia. Ndipo Constantine, nyoka yule, akatoa chini ya benchi furushi la karatasi zake. Wimbo wa matoleo wakauimba kwa herufi za panya. Tena kwa furaha! Sikupokea komunyo. Kwa hasira ile ningekufuru.

Jumatatu, 9 Juni

Mayige kaja. Mpole. Upole wake ndio unaoudhi. Kasema kitabu anachapa Constantine, ila jalada nifanye mimi, maneno mawili tu, Jubilei Yetu, hapo mwandiko wangu utapendeza. Maneno mawili! Mimi! Nikamwambia hayo mawili nayo ampe huyo huyo Constantine. Akasema, haya mama, asante. Akaenda kumpa!

Jumatano, 11 Juni

Nimesali, nimetulia, nimeliona kosa langu. Wino ulikuwa mweusi. Na mikunjo ilikuwa michache. Basi nimemwandikia Mayige barua ya kuomba msamaha na kulidai jalada langu. Kurasa mbili, rangi ya dhahabu, fonti mpya, kila herufi imevaa ua. Nimempelekea asubuhi. Hadi sasa kimya. Kiburi gani hiki! Na nilimalizia kwa adabu kabisa: Mwalimu, tafadhali nijibu mapema.