Mkia wa Sungura Mwekundu

Jumanne, 1 Machi 1955
Tangazo leo langoni mwa kijiji. Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, anakusanya wanyama wa Embu, na amekosa mmoja: sungura mwekundu, yule wa majabalini. Atakayemleta mzima atapewa pasi ya kutoka kijijini siku tatu. Mke wangu Mukami yuko kijiji cha ng'ambo ya mto. Alikwenda kumwuguza mama yake, Serikali ikatuzungushia mahandaki, akahesabiwa huko. Miezi mitano sijamwona. Sungura huyo ni wangu.

Jumatano, 2 Machi
Nimepanda jabali, homgadi, mlinzi wa Serikali, nyuma yangu na bunduki. Nimeona mavi ya sungura. Mengi, ya kutia moyo. Mwenyewe hutoka jua likizama, na jua likizama sisi tumeshafungiwa. Jirani yangu Mbaka kanicheka. Naye ametega mitego mitatu.

Ijumaa, 4 Machi
Mitego ya Mbaka mitupu. Niliitangulia mimi; nimekula vizuri. Mimi nimenasa sungura wa kawaida, wa kijivu, kwenye mtama. Nimekoroga udongo mwekundu na mafuta ya mbarika, nikampaka kuanzia masikio. Amependeza kuliko bwana harusi.

Jumamosi, 5 Machi
Bwana Shauri alimpokea kwa mikono miwili. Mikono ikawa myekundu. Nikamweleza kwamba sungura hawa hutoka jasho hivyo. Akaanza kuandika pasi. Ndipo Mbaka akasema, bila kuulizwa, "Bwana, yule wa majabali mkia wake ni mwekundu wote. Huyu juu mweusi, chini mweupe."
Mkia niliusahau.
Hukumu: wiki nzima kuchimba handaki, kijiji cha ng'ambo ya mto. Niliinamisha kichwa wasinione nikicheka.

Jumatano, 9 Machi
Nachimba. Saa sita Mukami huniletea uji wa mawele. Homgadi wa huku ni binamu yake, hutazama pembeni. Mukami amenona kidogo. Anasema mimi nimekonda akili. Wiki moja inazidi siku tatu. Mbaka hajui hesabu.

Ijumaa, 11 Machi
Kesho adhabu inakwisha. Mukami amenisihi niombe pasi kwa adabu; dada yake alipewa hivyo tu, kwa kuomba. Nimekubali kwa moyo wote. Lakini nasikia Bwana Shauri sasa anamtafuta pimbi mweupe. Pimbi ninaye, ndani ya kikapu. Chokaa nimepewa na homgadi. Kilichobaki ni kumweleza Mukami kwamba yeye ndiye atakayemshika miguu.