Radi, Soksi na Wiki ya Kumzidi Alen Akili

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo nimeshinda kabla hata ya kunywa chai. Mama Yudith, aliyekuwa msimamizi wa shamba la ng'ombe wa maziwa kule juu, anahamia Dar es Salaam kwa binti yake, ghorofa ya nne. Mbwa wake wawili hawezi kwenda nao. Niliwahi kuomba. Jirani yangu Alen aliomba nusu saa baada yangu. Basi Mama Yudith ameamua hivi: nikae nao wote hadi Ijumaa, nichague mmoja, na atakayebaki aende kwa Alen.

Mimi nachagua, Alen anapokea. Ndivyo mambo yalivyotakiwa kuwa tangu siku ile alipochaguliwa yeye kuwa mzee wa kanisa badala yangu.

Radi ni Malinoa: kahawia, uso mweusi, masikio wima kama anasikiliza taarifa ya habari. Mbwa wa askari. Soksi ni boda koli, mweusi na mweupe, mbwa wa kuchunga kondoo. Mke wangu Rahabu aliuliza kama huyo wa pili ndiye anayebeba abiria. Sikucheka.

Mahitaji yangu ni machache. Mbwa akae getini. Watu wapite, wamwone, waulize ni wa nani.

Jumanne, 9 Julai

Nimempigia simu binti yetu Happiness, afisa mifugo huko Bumbuli. Anasema wote wawili ni mbwa wa kazi. Kila mmoja anahitaji kukimbia saa mbili kwa siku na kufundishwa. Wakikosa kazi wanajitafutia. Kisha akauliza ni lini mara ya mwisho nilikwenda shambani kwa miguu. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Saa nne wakajitafutia kazi. Soksi aliwakusanya kuku wote kumi na mmoja, akawaingiza jikoni, akalala mlangoni. Rahabu alikuwa humo humo, anasonga ugali. Baadaye wakaja akina mama wa kikundi cha maombi kumsalimia mama mkwe, tunayeishi naye. Soksi akawazunguka taratibu, bila kubweka, mpaka wote sita wakajikuta ndani ya stoo ya maharage. Hawakuelewa wamefikaje. Zuhura, jirani wa bondeni, alikuwa ameleta karoti. Aliziweka nje ya ua, akasema kwa adabu kwamba atarudi siku nyingine, maana mate ya mbwa na nguo za kuswalia haviendani.

Radi alipanda tenki la maji, kutoka hapo akapanda bati. Nilidhani hajui kushuka. Anajua. Alishukia juu yangu.

Mama mkwe, Mama Eliza, alicheka hadi akafuta machozi. Ana miaka themanini na miwili na kumbukumbu inamwacha. Siku nyingine anajiona binti mdogo, anataka kurudi Vuga alikozaliwa. Hajacheka hivyo tangu Pasaka.

Jumatano, 10 Julai

Nimegundua nilikuwa najiuliza swali lisilo sahihi. Swali si mbwa yupi ananifaa mimi. Swali ni yupi anayetakiwa na Alen. Nikimchukua huyo, mchezo umekwisha.

Nikaenda kwake na kabichi kama kisingizio. Alinipa shikamoo, nikaitikia kwa sauti nzito. Nikazungumzia mvua. Nikazungumzia bei ya viazi. Halafu, kama mtu asiyejali, nikagusia mbwa.

Alen akasema, "Kaka Benjamini, mimi nikipata Soksi nitashukuru sana. Nina kondoo kumi na wanne na goti bovu. Huyo mwingine simwezi."

Nilitafakari njia nzima. Hakuna mtu anayemfunulia mpinzani wake siri ya moyo wake. Kwa hiyo Alen anamtaka Radi. Rahabu alisema labda anamtaka Soksi, kwa kuwa ndivyo alivyosema. Nilimhurumia. Hajui watu.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemchukua Radi. Alen alipokabidhiwa Soksi alimshukuru Mama Yudith kwa mikono miwili, karibu alie. Sijaona mwigizaji kama yule.

Mama Yudith alinipa kamba ya Radi, akanitazama machoni. "Kila asubuhi mpandishe mlimani, mrudi. Kila asubuhi, Benjamini." Nikaahidi kwa moyo wote.

Jioni Radi akatafuna geti la mbao nililotaka alilinde. Nguzo moja bado ni nzima. Meno yake ni imara sana. Nimeridhika na uchaguzi wangu.

Jumamosi, 13 Julai



Rahabu alikwenda sokoni Soni asubuhi, akaniachia Mama Eliza nimwangalie. Alikuwa ameketi barazani na shali yake. Mimi nilikuwa uani namfundisha Radi kukaa kiaskari kwa ajili ya picha. Ukungu ulishuka ghafla, ule wa Julai, mpaka sikuuona mti wa plamu ulio hatua tano mbele yangu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Shali ilikuwa sakafuni.

Chini ya shamba letu, upande wa kushoto, matuta yanaishia kwenye genge la mwamba.

Nikamnusisha Radi shali. Akanusa mara moja, akavuta kushoto. Mimi nilijua Mama amekwenda kulia, kwa sababu barabara ya Vuga iko kulia. Nikavuta kulia. Yeye kushoto. Nikaanguka kwenye mfereji wa kabichi. Akanishika mkono wa koti kwa meno, bado anavuta kushoto. Nikamkokota kulia kwa nguvu zangu zote, karibu saa nzima, nikiita "Mama! Mama!" na ukungu unameza sauti. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Rahabu, na hakuna neno hata moja lililokubali kukaa sawa.

Ndipo nikasikia mluzi. Ni wa Alen, chini, kushoto. Radi akanivuta mpaka huko, safari hii sikubisha.

Mama Eliza alikuwa kwenye tuta la mwisho. Soksi alikuwa amewaacha kondoo na kumfuata. Kila Mama alipopiga hatua kuelekea gengeni, Soksi alijilaza mbele ya miguu yake. Akienda kulia, Soksi kulia. Akienda kushoto, Soksi kushoto. Mama alikuwa akimgombeza kwa Kishambaa, ampishe, mama yake anamsubiri nyumbani. Alen alishuka na goti lake lile lile, akamvika koti.

Nikapiga magoti matopeni, nikamshika mikono. Akaniuliza mimi ni nani.

"Ni Benjamini, mama. Mume wa Rahabu."

Akanifuta tope usoni. "Maskini mwanangu," akasema.

Machozi yalinitoka kidogo. Nilimwambia Alen asante. Akasema hakuna shida, kaka, ni mama yetu sote.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani mchungaji alitoa shukrani kwa ajili ya Mama Eliza, Alen na Soksi. Soksi hakuwepo kusikia. Alikuwa nje, amewapanga watoto wa Sunday school ukutani kwa mstari mmoja. Mwalimu wao ameomba awe anakuja kila wiki.

Nimefikiri sana wakati wa mahubiri, na sasa nimemwelewa Alen. Aliniambia ukweli! Alijua sitauamini. Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Alfajiri Rahabu alimpeleka Radi mlimani kukata kuni. Walirudi, Radi akanywa maji, akalala miguuni mwa Mama Eliza siku nzima bila kutafuna kitu. Nikimwita mimi, haji. Rahabu akimwita, anafika kabla jina halijaisha. Anasema atakuwa anakwenda naye kila asubuhi. Nimekubali. Mimi nitabaki kama mwangalizi mkuu.

Jumanne, 16 Julai

Habari nzito kutoka Korogwe. Bwana mmoja, Ismaili, ana mbwa wawili aina ya haski, dume na jike, jamii ya wale wanaovuta mizigo kwenye theluji huko Ulaya. Joto la Korogwe linawatesa, anatafuta mtu wa milimani. Wanasemekana hawachoki. Wanachimba, wanaruka ua, wanaimba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Alen nikamuuliza yupi angemtaka. Akasema, "Kaka, hao siwataki hata mmoja. Na wewe usiwachukue."

Sasa namjua. Anawataka wote wawili.

Wanafika Alhamisi. Rahabu nitamwambia Ijumaa.