Dawa ya Maudhi Madogo Madogo

Wiki ile fedha za mkopo za wanachuo, wenyewe wanaziita bumu, ziliingia Jumatatu. Chanjo ya korona ikaingia Jumanne. Makene alikuwa kibarazani pale Tunduma, akitazama foleni ya malori ya Zambia kwa kukosa shughuli ya maana, alipoona vijana wa chuo wanapita wameshika mikono ya kushoto kama watu waliobeba mayai kwapani. Wana homa, wana uchovu, na wana hela. Mungu ampe nini tena mja wake?

Makene huyu aliwahi kuwauzia watu wa Vwawa mbegu ya mpunga isiyotaka maji. Akanogewa, akaipeleka mpaka Kamsamba, kwa watu wanaoujua mpunga. Ndiyo sababu siku hizi anaishi Tunduma.

Akachemsha tangawizi, ndimu na chumvi kidogo, akajaza kwenye chupa za maji zilizotupwa na madereva. Aliziosha, tumpe haki yake. Akasimama mlangoni mwa hosteli.

"Hii inavuta maudhi ya sindano," akasema. "Unakunywa leo na kesho. Usipokunywa, maumivu yanapanda kichwani, yanakaa pale pale ulipoweka masomo."

Mitihani ilikuwa wiki inayofuata. Wakanunua, na kesho yake wakaanza kupona, kwa kuwa homa ile huondoka yenyewe ndani ya siku mbili, unywe usinywe. Makene aliambiwa hivyo na nesi, akaitunza siri ya watu kwa uaminifu mkubwa.

Kilichomuudhi ni jambo moja. Wanachuo wamezoea kazi za kikundi, mmoja anaandika, tisa wanatia majina. Basi chumba cha watu wanane kilinunua chupa moja, akanywa mmoja, wote wakajisikia nafuu.

Jumatano akaja Fides, kiongozi wa darasa, binti mpole wa sauti ya kanisani.

"Anko, darasa letu linachanjwa kesho. Tuko sitini. Nataka chupa sitini, kila mtu na yake."

"Mwanangu, wewe utakuja kuwa waziri."

"Ila wenzangu hawanywi dawa ya mtu asiyechanja. Chanja na wewe kesho. Jumamosi asubuhi tutakuja, utuonyeshe kadi, tuchukue zote."

Makene polisi hawaogopi, wake za watu hawaogopi, lakini sindano anaiogopa tangu utoto. Akazitazama chupa sitini kwa macho ya moyo. Akamaliza akiba yake yote sokoni kwa tangawizi na ndimu, na Alhamisi akaenda kituo cha afya kama mtu anayesindikiza msiba.

"Legeza mkono, baba," nesi Jenista akamwambia.

Akalegeza mkono, na miguu nayo ikalegea. Wakamkalisha.

Ijumaa homa ikampanda, mkono ukawa mzito kama gogo. Akafungua chupa moja. Akafungua ya pili. Hadi Jumamosi alikuwa amekunywa kumi na moja, kwa imani iliyomshangaza mwenyewe.

Fides akabisha hodi, mzima wa afya, ana karatasi na kalamu.

"Kadi hii hapa," Makene akasema kutoka kwenye blanketi. "Chupa zimebaki arobaini na tisa."

"Za nini tena, anko? Leo darasa zima limepona."

"Si mngekuja jana?"

"Jana tulikuwa tunaumwa."

Fides akavuta kigoda, akaketi. "Tuna utafiti wa maudhi ya chanjo. Wanafunzi tunao tele. Mhadhiri akasema hapokei kazi bila mfanyabiashara wa mpakani, na nyie wote mnakimbia sindano. Ungekubali ningekuomba kwa wema?"

Makene akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Sababu ya kuchanja?" Fides akauliza. Akajaza mwenyewe: biashara. "Maudhi uliyopata?"

"Mkono. Homa. Kichwa."

"Lingine?"

"Hasara."

Fides akaipitia orodha yake, juu hadi chini. "Hilo halimo, anko. Lakini nakuandikia hapa pembeni."